Mkojo unapoanza kusumbua uzeeni: namna ya kujifuatilia na kuhudumia tezi dume kabla mambo hayajaharibika

Wazee wangu, na nyie vijana mlio na baba zenu nyumbani, leo naongelea tezi dume na mkojo na naomba tusiongee kwa mafumbo, mana haya mafumbo ndo yanayofanya mtu mzima anyamaze miaka alafu anapelekwa hospitali usiku wa manane tumbo la chini limevimba na hata tone halitoki. Mwanaume akishavuka 50 tezi kuongezeka ukubwa ni kitu cha kawaida kabisa, karibu nusu ya wanaume wa miaka 50 mpaka 60 wanayo tayari kwa kiasi fulani na wakifika 80 wasiokuwa nayo ndo wa kuhesabu. Kwahiyo hujarogwa, na wala sio adhabu ya ujana wako, ni umri na homoni tu.

Tezi yenyewe imekaa chini ya kibofu na imeuzunguka mrija wa mkojo pande zote. Kazi yake ni kutengeneza sehemu ya majimaji ya shahawa, na kwa kijana ina kama gramu 20 hivi. Ndani yake testosteroni inageuzwa kuwa homoni kali zaidi inayoitwa DHT, hiyo ndo inaichochea ikue taratibu miaka na miaka. Ikikua inaubana mrija, mkojo unapita kwa shida kama maji kwenye mpira wa bustani uliokanyagwa, sasa kibofu kinalazimika kusukuma kwa nguvu kila siku, misuli yake inanenepa, inakuwa haitulii, ndo mana unabanwa ghafla unakimbia chooni alafu unatoa kidogo tu. Ikiachwa muda mrefu ile misuli inachoka, haisukumi tena.

Kitu ambacho nataka ukishike kuliko vyote: ukubwa wa tezi sio ukubwa wa tatizo. Kuna mzee ana tezi kubwa kweli na anakojoa vizuri, na kuna mwingine yake imeongezeka kidogo tu ila imebana pale penyewe hapumui. Kwahiyo ukipewa karatasi ya ultrasaundi imeandikwa gramu kadhaa usitetemeke kwa hiyo namba. Maswali yenye maana ni matatu, mkojo unatokaje, unabaki kiasi gani kibofuni ukishamaliza, na wewe unakusumbua kiasi gani. Na tezi kukua huku sio kansa, wala haigeuki kuwa kansa. Ila mtu mmoja anaweza kuwa na vyote viwili kwa wakati mmoja, na kansa ya tezi dume mara nyingi inaanzia upande wa nje wa tezi, mbali na mrija, kwahiyo mwanzoni haileti dalili yoyote ya mkojo. Usijipimie kansa kwa kuangalia unavyokojoa.

Anza na karatasi na kalamu

Kabla hujameza chochote, fanya hivi siku tatu. Tafuta chombo chenye alama za mililita kiwe cha kazi hii tu, kiweke chooni pamoja na daftari. Kila ukienda haja ndogo, mchana na usiku, kojolea humo, andika saa na kiasi, mwaga, suuza. Pembeni andika na ulichokunywa, kama ulibanwa ghafla weka alama, kama ulivuja weka alama. Najua inachosha na wengine wataona ni utoto, lakini hiyo karatasi inamwambia dokta mambo ambayo maneno yako hayawezi, mana ukimwambia tu "naamka sana usiku" hajui kama ni tezi, ni kibofu, ni moyo au ni sukari.

Chukua mzee wa mfano. Mchana kutwa mpaka anapanda kitandani saa 4 usiku karatasi yake inaonyesha jumla ya mililita 700. Anaamka saa 6 usiku anatoa 300, saa 8 anatoa 350, saa 10 alfajiri 300, na akiamka rasmi saa 12 asubuhi anatoa 350. Jumla ya usiku 1,300 (mkojo wa kwanza wa asubuhi unahesabiwa wa usiku kwasababu umetengenezwa ukiwa umelala). Huyu kwa siku nzima ametoa 2,000 na zaidi ya nusu imetoka usiku, wakati kwa mtu mzima wa umri huo ikizidi theluthi moja ni nyingi. Sasa angalia, kila akiamka anatoa mkojo mwingi wa kutosha, kibofu kinajaa kweli. Tezi haiwezi kutengeneza mkojo, mkojo unatengenezwa na figo, kwahiyo huyu ukimpa dawa ya tezi peke yake ataendelea kuamka vilevile. Huyu aulizwe kama miguu inavimba jioni, moyo wake ukoje, anakunywa nini usiku, na kama anakoroma sana huku pumzi inakatika usingizini, mana hilo nalo linafanya figo zitoe mkojo mwingi usiku na watu wengi hawalijui kabisa.

Mzee mwingine karatasi yake inasoma 80, 100, 60, 90, mchana hivyohivyo na usiku hivyohivyo. Huyu kibofu chake hakitulii, au hakimalizi ndo mana kinajaa tena haraka, na hapo tezi inahusika sana. Na wa tatu anatoa vingi kila saa, jumla inapita lita 3 kwa siku na kiu haimwishi, huyo akapime sukari kwanza. Watatu hawa wote wangekwambia sentensi moja tu, naamka sana usiku.

Ukishamaliza hiyo karatasi jipe maksi. Kuna dodoso linatumika dunia nzima linaitwa IPSS, lina maswali saba kuhusu mwezi uliopita: unahisi haujaisha, unarudi kabla ya masaa mawili, unakatikakatika, unashindwa kuuzuia, unatoka kwa nguvu ndogo, unajikamua kuanza, na unaamka mara ngapi usiku. Kila swali ni 0 mpaka 5, jumla ya juu ni 35. Ukipata 0 mpaka 7 ni dalili nyepesi, 8 mpaka 19 ni za kati, 20 kwenda juu ni nzito. Alafu kuna swali la nane linauliza kama ungeishi hivi maisha yako yote ungejisikiaje, na mimi naona hilo ndo la maana kuliko yote kwasababu matibabu mengi ya tezi yanaamuliwa na jinsi unavyosumbuka wewe, sio namba peke yake. Andika tarehe na maksi, utazihitaji baadae.

Mambo ya kubadilisha nyumbani

La kwanza usiache kunywa maji. Hili kosa lipo sana, mtu anaona akinywa anakojoa basi anajinyima, mkojo unakuwa mzito, unaunguza, kibofu kinazidi kuwashwa, na choo kinakuwa kigumu. Kunywa kama lita moja na nusu mpaka mbili kwa siku (kama una ugonjwa wa moyo au figo fuata kipimo alichokupa dokta wako), ila nyingi ziishe mchana, masaa mawili matatu kabla ya kulala punguza. Kahawa, chai ya rangi nzito, soda za kola na vinywaji vya kuongeza nguvu vyote vina kafeini inayochochea kibofu, na pombe inaongeza mkojo, jaribu kuviondoa wiki mbili uone tofauti yako mwenyewe. Chumvi nyingi kwenye chakula cha jioni nayo inakuamsha.

Kama miguu inavimba, alasiri lala au kaa uinue miguu juu kwa saa moja hivi, yale maji yaliyojikusanya yarudi kwenye damu yatoke ungali macho, badala ya kusubiri ulale ndo yaanze safari. Na kama unatumia dawa ya presha ile ya kukojoza, muulize dokta kama unaweza kuinywa asubuhi au mapema mchana, usiiache tu na usijibadilishie mwenyewe.

Choo kigumu kinasumbua mkojo kuliko watu wanavyodhani, utumbo ukijaa unasukuma kibofu na mrija. Shughulikia hilo kwanza, matunda, mboga, maji, kutembea kila siku. Na kupungua uzito kama umezidi.

Sasa namna yenyewe ya kukojoa, mana hapa kuna vitu vidogo vinaleta nafuu kubwa na ni bure. Kaa chini. Najua wanaume wengi hawapendi kusikia hivyo ila mtu mwenye tezi akikaa misuli ya nyonga inalegea na anamaliza vizuri zaidi, na usiku hauanguki ukiwa na usingizi. Usijikamue kwa nguvu za tumbo, subiri, pumua, acha uanze wenyewe. Ukiisha usinyanyuke. Kaa hapo sekunde 30 mpaka dakika nzima, unaweza kuinama mbele kidogo, au simama uzunguke kidogo ukae tena, alafu jaribu mara ya pili bila kusukuma. Mara nyingi kuna mwingine unatoka, na huo ndo ungekurudisha chooni baada ya nusu saa.

Kisha yale matone ya mwisho yanayolowesha suruali ukishafunga zipu. Hayo mara nyingi sio kibofu kuvuja, ni mkojo uliobaki kwenye kona ya mrija nyuma ya korodani. Ukimaliza weka vidole viwili vitatu kwenye msamba, yani pale kati ya njia ya haja kubwa na korodani, bonyeza kwa upole kuelekea juu na uvute kuja mbele mpaka chini ya uume, rudia mara mbili tatu, matone yatatoka hapohapo. Kutikisa hakusaidii kwasababu mkojo upo nyuma kuliko unapotikisa.

Ukibanwa ghafla njiani usikimbie, kukimbia kunazidisha. Simama au kaa, kaza misuli ile unayozuia nayo hewa isitoke, kaza na kuachia haraka mara tano sita, vuta pumzi taratibu, lile wimbi likipita ndo tembea kwenda. Usiku weka taa ndogo njia ya chooni na ondoa vitu vya kujikwaa, au weka chupa ya mkojo karibu na kitanda, sio aibu, nyonga iliyovunjika ni balaa kubwa zaidi ya chupa.

Dawa za mafua, hapa naomba unisikilize

Mzee mwenye tezi anapata mafua, anaenda duka la dawa, anapewa kidonge cha kufungua pua na kukausha makamasi, usiku mkojo unagoma kabisa. Inatokea sana. Dawa za kufungua pua zenye pseudoephedrine au phenylephrine zinakaza misuli ya shingo ya kibofu na tezi. Dawa za aleji za zamani zinazoleta usingizi, kama chlorpheniramine, promethazine na diphenhydramine, zinalegeza msukumo wa kibofu. Mara nyingi zote mbili zimechanganywa kwenye kidonge kimoja cha mafua, kwahiyo unabanwa mlango na unanyang'anywa nguvu kwa pamoja. Amitriptyline, dawa kali za maumivu za jamii ya morfini, na baadhi ya dawa za kutuliza tumbo nazo zinafanya hivyo. Ukifika dukani sema wazi, nina tezi dume, nipe ambayo haifungi mkojo. Na soma nyuma ya pakiti mwenyewe, au mpe mwanao asome.

Lini usisubiri

Mkojo ukigoma kabisa, kibofu kimejaa na unaumia, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usinywe maji eti yasukume, unaongeza tu. Watakuwekea mpira wa mkojo na nafuu inakuja ndani ya dakika. Nenda haraka pia ukiona damu kwenye mkojo hata mara moja na hata kama haiumi, ukipata homa na kutetemeka pamoja na mkojo kuunguza, ukipata maumivu makali ubavuni, au miguu ikaanza kuishiwa nguvu au kufa ganzi.

Kuna moja ya kimyakimya zaidi. Mkojo unavujavuja wenyewe, hasa usiku unalowesha kitanda, tumbo la chini limejaa lakini haliumi. Familia inadhani mzee amezeeka tu hawezi kujizuia, wanamnunulia pampasi, kumbe kibofu kimejaa mpaka kinafurika na figo zinaharibika taratibu kwa presha ya mkojo unaorudi nyuma. Mtu mzima aliyeanza kukojoa kitandani apelekwe hospitali kabla ya kuvalishwa chochote.

Ukifika kwa dokta

Beba daftari lako, maksi zako, na dawa zako zote unazotumia pamoja na za mitishamba, zitie kwenye mfuko mmoja zote umwonyeshe. Utapimwa mkojo kuangalia maambukizi, damu na sukari, pengine damu kuangalia figo. Atakupima kwa kidole njia ya haja kubwa, na wengi wanakimbia hospitali kwasababu ya hiki kipimo. Ni glavu yenye mafuta ya kulainisha, sekunde chache, anagusa kama tezi ni laini au ina uvimbe mgumu, basi. Ultrasaundi ukifanyiwa uliza wakupime na baki, yani unakojoa alafu wanaangalia kilichobaki, hiyo ndo namba ya kuiulizia kuliko gramu. Chini ya mililita 50 ni vizuri, ikianza kupita 200 na kuendelea inatakiwa kufuatiliwa kwa karibu.

PSA ni kipimo cha damu kinachoangalia protini inayotengenezwa na tezi dume, na mtu asikupandishe presha nacho. Inapanda kwa kansa, na inapanda pia kwa tezi kubwa tu, kwa maambukizi, kwa mkojo kugoma, kwa kuwekewa mpira. Kwahiyo usipime ukiwa na UTI, yani maambukizi ya njia ya mkojo, subiri upone wiki kadhaa, na siku mbili kabla usifanye tendo la ndoa wala usiendeshe baiskeli mwendo mrefu. Kama una baba au kaka aliyeugua kansa ya tezi dume, au wewe ni mwanaume mweusi, usisubiri dalili, ongea na dokta kuhusu kipimo hiki mapema kwenye miaka 40 na kitu.

Dawa

Dalili zikiwa nyepesi na hazikukeri, kutulia na kuangaliwa kila mwaka ni matibabu halali kabisa. Zikikusumbua kuna makundi mawili makubwa. La kwanza linalegeza misuli ya tezi na shingo ya kibofu, kama tamsulosin na alfuzosin, nafuu inaanza ndani ya siku chache mpaka wiki chache. Haipunguzi ukubwa. Inaweza kushusha presha ukasikia kizunguzungu ukisimama, kwahiyo kaa ukingoni mwa kitanda kwanza ndo unyanyuke, na shahawa zinaweza kupungua au zisitoke kabisa, haina madhara ila ujue mapema. Kama utafanyiwa opresheni ya mtoto wa jicho mwambie daktari wa macho kuwa unatumia au umewahi kutumia hizi dawa, zinalegeza mboni na anatakiwa ajiandae.

Kundi la pili ni finasteride na dutasteride, hizi zinazuia ile DHT na kuipunguza tezi yenyewe, kwa kama robo hivi, zinafaa zaidi kwa tezi kubwa. Ila zinataka subira, miezi sita au zaidi, na watu wengi wanaziacha mwezi wa pili wakisema hazifanyi kazi. Zinaweza kupunguza hamu ya tendo na nguvu za kiume kwa baadhi ya watu, liongee na mkeo na dokta, usiache kimyakimya. Mwanamke mjamzito asishike kidonge kilichovunjika. Alafu zinashusha PSA kwa karibu nusu baada ya miezi sita, kwahiyo anayesoma kipimo chako lazima ajue unazitumia, la sivyo namba itaonekana nzuri wakati sio nzuri.

Mitishamba, najua swali linakuja. Saw palmetto ndo inayouzwa zaidi duniani kwa ajili ya tezi, na ilijaribiwa vizuri Marekani, utafiti uliochapishwa 2011 uliwapa wanaume mpaka dozi mara tatu ya kawaida na haikuishinda dawa bandia, yani kidonge cha kulinganishia kisicho na dawa ndani. Na yeyote anayekwambia dawa yake inayeyusha tezi kwa siku saba bila kukupima anakuuzia matumaini, huku kibofu chako kinaendelea kuchoka.

Ikifika opresheni

Mkojo ukigoma mara kwa mara, figo zikiguswa, mawe kwenye kibofu, UTI zisizoisha, damu isiyokoma, au dawa zimeshindwa, hapo opresheni isiogopwe. Inayofanyika sana ni TURP, wanapita kwenye mrija wenyewe bila kukata tumbo na kuchonga nyama inayobana kwa ndani, kwa tezi kubwa sana kuna ya kufungua tumbo au ya leza. Utakaa na mpira siku chache. Mfuko wa mkojo uwe chini ya usawa wa kibofu muda wote, na unapolala usikunjwe chini yako, osha panapoingilia mpira kwa maji na sabuni kila siku. Ukirudi nyumbani mkojo unaweza kuwa na damu kidogo inayokuja na kuondoka kwa wiki kadhaa, kunywa maji, usinyanyue vitu vizito, usijikamue chooni, mabonge ya damu yakiziba rudi haraka. Wengi shahawa zitarudi kibofuni badala ya kutoka nje, raha ipo palepale ila kupata mtoto itakuwa shida, kwahiyo kama bado unataka mtoto sema kabla ya kusaini. Na chekiapu ya PSA usiifute kichwani eti tezi imeshatolewa, kilichotolewa ni nyama ya ndani iliyobana, ganda la nje limebaki na hilo ndo kansa inapopendelea kuanzia.